Mbwa Aliyechanjwa Akafa kwa Kichaa

Hoja iliyo mezani ni hii: chanjo ya kichaa cha mbwa ikae kijijini mwaka mzima, isingoje msafara wa wilaya. Wanaoijadili ni watu watano wa upande wa Ndanda, pale barabara ya Masasi inapopita chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde: mzee mkulima mwenye mbwa, bwana mifugo wa kata, mtendaji wa kijiji, mwalimu wa biolojia wa sekondari, na mama muuguzi wa zahanati. Watu hawa nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Ndizo zinazosemwa gari la chanjo likifika, na ndizo zinazosemwa likichelewa. Pale nitakaposhindwa kunyamaza nitaingia mwenyewe.

Mzee aanze, maana ndiye mwenye lalamiko.

MZEE: Mimi si mtu wa kukataa mambo ya serikali, mnanijua. Shamba langu la mihogo limepakana na pori la mteremko. Usiku wanashuka nguruwe pori, mchana ngedere. Bila mbwa sivuni kitu. Na dini haikumkataza mbwa wa shamba wala wa kuwinda. Basi lilipotangazwa gari la chanjo nikamfunga kamba jike wangu, wajukuu wakamkokota mpaka shule ya msingi, akachomwa sindano. Wiki ya pili akaanza kutafuna kuni. Taya limelegea, udenda unachuruzika, sauti imekauka. Akamng'ata mbuzi wa jirani, tukamuua. Wale wawili waliobaki nyumbani, ambao hawakuchomwa, wazima mpaka leo. Sasa Bwana mifugo niambie, hicho kichaa kilitoka wapi kama si kwenye sindano?

BWANA MIFUGO: Kilikuwamo ndani yake tayari, mzee wangu. Aling'atwa kabla ya siku ya chanjo.

MZEE: Na anayesema hivyo ni yule yule aliyeleta sindano.

Mijadala mingi huvunjikia hapa. Mtaalamu anajibu kwa cheo chake, mkulima anarudi nyumbani na shaka yake, na mwaka unaofuata hamleti mbwa. Nami nasema mzee ameuliza swali halali kabisa: ameona jambo moja likitangulia jingine, akatafuta sababu. Anayetaka kumjibu hana budi kumwonyesha siku zinavyokwenda, na siku hizo zilijulikana vipi.

MWALIMU: Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Sema.

MWALIMU: Swali lako lilimsumbua mwanasayansi Louis Pasteur kule Paris miaka ya 1880. Kirusi chenyewe hakukiona, darubini za wakati ule hazikuwa na uwezo huo. Alichoweza kukiona ni siku. Ukimchoma mbwa mate ya mbwa kichaa chini ya ngozi, mmoja anaugua baada ya wiki chache, mwingine baada ya miezi, mwingine haugui kabisa. Utapimaje dawa kwa ugonjwa usiojua utakuja lini? Ndipo yeye na msaidizi wake Émile Roux wakaanza kutoboa fuvu la mnyama na kuweka ugonjwa moja kwa moja juu ya ubongo. Siku zikapungua, zikahesabika. Wakautoa kwa sungura mmoja wakaupandikiza kwa mwingine, na mwingine, na mwingine, mpaka sungura wote wakawa wanaugua kwenye siku ya 7 hivi. Sasa wakawa na ugonjwa wenye saa yake. Wakachukua uti wa mgongo wa sungura hao, wakautundika ndani ya chupa yenye hewa kavu, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ukali wake ulivyopungua. Mbwa waliochomwa kuanzia uti uliokauka sana kuelekea ule mbichi hawakuugua hata walipowekewa ugonjwa wenyewe. Tarehe 6 Julai 1885 akaletwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa siku mbili kabla. Akachomwa mfululizo huo, akapona.

MAMA MUUGUZI: Hao sungura na mbwa, Mwalimu, walikuwa wangapi?

MWALIMU: Wengi sana, Mama. Na walikufa vibaya.

Mama muuguzi hakuuliza ili apate idadi. Aliyewahi kumwona mgonjwa wa kichaa, binadamu au mnyama, anajua kwamba kumtia kiumbe ugonjwa huo kwa makusudi ni jambo zito. Mimi naona majaribio yale yalikuwa na haki kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na kwa sababu kilichopatikana kimeokoa watu na mbwa pia. Lakini haki hiyo ina sharti lake: ujuzi ulionunuliwa kwa maumivu ya namna ile usikae kwenye vitabu huku mbwa wa Newala na mtoto wa Masasi wakiendelea kufa kwa kukosa sindano moja.

MZEE: Ngoja, nimekamata kitu. Mtoto yule aling'atwa kwanza, akachomwa baadaye, akapona. Jike wangu naye, kwa maneno yenu, aling'atwa kwanza akachomwa baadaye. Mbona yeye hakupona?

MWALIMU: Kirusi hakisafiri kwenye damu, Mzee. Kinaingia kwenye mshipa wa fahamu pale penye jeraha, kinapanda polepole kuelekea ubongoni. Kikishafika ubongoni hakuna dawa. Kwa hiyo ni mashindano. Yule mtoto alianza sindano siku ya pili, tena alichomwa nyingi. Jike wako alipata moja, na mwili wake ulihitaji wiki kadhaa kutengeneza kingamwili za kutosha, huku kirusi kimeshatangulia sana.

BWANA MIFUGO: Na hizo siku za mbwa zimehesabiwa hapa hapa Tanzania. Kule Serengeti na Ngorongoro, Katie Hampson na wenzake walifuatilia mbwa wagonjwa nyumba kwa nyumba: nani alimng'ata nani, lini, na aliyeng'atwa aliugua lini. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Tangu kung'atwa mpaka dalili, wastani ni siku 22 na kidogo. Akishaugua anaishi siku 3 hivi, basi. Wako aliugua wiki ya pili baada ya sindano. Hesabu nyuma. Siku aliyokokotwa kwenda shule, kichaa kilikuwa njiani mwilini mwake.

MZEE: Aling'atwa na nani, basi? Mbwa kichaa hatukumsikia.

BWANA MIFUGO: Huku kwetu si lazima awe mbwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara ina jambo lake: sehemu kubwa ya wanyama wa kichaa waliofuatiliwa hapa walikuwa mbweha. Serengeti si hivyo, kule karibu wote ni mbwa. Mbwa wako analala shambani chini ya mteremko, usiku anapambana na kila kinachopita.

Mzee alinyamaza, na mimi naelewa kwa nini. Lakini kabla ya kuipitisha hoja ya bwana mifugo moja kwa moja, upo upande wa mzee ambao haukusemwa, nao ni wa haki. Chanjo za zamani za mbwa, zile za aina ya Flury zilizokuzwa kwenye mayai ya kuku, zilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa. Zilifanya kazi kubwa, lakini zipo nyakati zilimletea mnyama ugonjwa ule ule, hasa paka na watoto wa mbwa. Chanjo za binadamu zilizotengenezwa kwa ubongo wa wanyama, zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee wanazitaja mpaka leo kwa kushika tumbo, ziliwahi kuwapoozesha watu. Kwa hiyo anayesema chanjo inaweza kudhuru hajaota. Tofauti ni kwamba chanjo inayotumika sasa kwenye kampeni za mbwa ina kirusi kilichouawa. Kilichokufa hakizaliani, hakipandi mshipani, hakiwezi kumtia mbwa kichaa. Mzee angeelezwa hivyo pale kwenye foleni ya shule, leo angekuwa na huzuni ya mbwa wake bila kumshuku aliyemchoma.

MTENDAJI: Samahani wazee wangu, mnazungumza kama tuna muda. Mimi nina watoto wanaotembea kwenda shule alfajiri. Mbwa koko wamejaa pale stendi, wanakula mifupa ya wachoma nyama. Tupate bunduki mbili, tuwamalize, tuanze upya. Chanjo na wastani wa siku 22 tutazungumza baadaye.

MZEE: Utamjuaje koko na wa mtu? Wangu wanazurura mchana kutwa.

MTENDAJI: Asiyefungwa ni koko.

BWANA MIFUGO: Mtendaji, hiyo imejaribiwa. Kisiwa cha Flores kule Indonesia kichaa kiliingia 1997, wakaua mbwa wengi mno, na ugonjwa ukabaki. Ukiua mbwa wa mtu, mwezi ujao anatafuta mwingine, mdogo, asiye na chanjo. Wengine wanawaficha mbwa wao au wanawahamishia kijiji cha pili, na ugonjwa unasafiri nao. Tena risasi haimchagui. Inamuua na yule aliyechanjwa, ambaye ndiye ukuta wako. Tazama Pemba. Wao walichanja. Kichaa kikatoweka mwaka 2014, kikaingizwa tena kutoka nje, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikatoka. Kisiwa kizima, bila vita na mbwa.

MTENDAJI: Pemba ni kisiwa. Hapa tuna pori, na umesema mwenyewe mbweha wanaumwa. Utawachanja mbweha?

Swali la mtendaji ni zuri kuliko pendekezo lake. Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza kama mbweha wa kusini wanauweka ugonjwa hai wao kwa wao. Kama ndivyo, kuchanja mbwa ni kumwaga maji mchangani. Lakini uchunguzi wa muda mrefu wa Lindi na Mtwara, ulioongozwa na mtafiti Mtanzania Kennedy Lushasi, unaelekeza kwingine: mbwa wakichanjwa vya kutosha, kichaa cha mbweha nacho kinapungua. Ugonjwa unavuka kutoka kwa mbwa kwenda porini na kurudi, na njia ya kuukata inapita uani kwa mzee.

Tena jambo lenyewe lilishafanyika hapa. Kati ya 2010 na 2015 ulikuwapo mradi mkubwa wa kuonyesha kwamba kichaa kinaweza kutokomezwa, wizara za afya na mifugo zikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na watafiti, katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba. Masasi na Newala zilikuwamo. Maofisa mifugo wa wilaya hizo hawakuwa na uzoefu wa kuchanja mbwa wilaya nzima, wakajifunza kazini, na kwa sehemu kubwa kila awamu mbwa waliochanjwa wakaongezeka. Idadi ya watu wanaong'atwa ikashuka, na iliposhuka zaidi ni wilaya za kusini kabisa, zenye mbwa wachache. Maana yake kusini ndiko mahali rahisi kushinda. Ndiyo maana naumia ninaposikia kichaa kikizungumzwa huku kama vile ni mvua au jua, kitu cha kuzoea.

MAMA MUUGUZI: Niseme na mimi, maana mnaowahesabu nyinyi ni mbwa. Mtu akija na mguu wenye alama za meno ya mbwa, kitu cha kwanza namuuliza: umeosha? Wengi hawajaosha. Wamepaka chumvi, wamepaka oili chafu, wamefunga kitambaa. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, yanapunguza virusi pale pale kabla havijapata mshipa. Halafu sindano. Siku hizi tunachoma kidogo kidogo ndani ya ngozi, chupa moja inatosha watu zaidi ya mmoja. Lakini zipo siku hakuna. Namwambia mzazi aende hospitali ya mbali, naye anaanza kuhesabu nauli mbele yangu. Anarudi nyumbani. Mtoto anacheza, jeraha linapona, wote wanasahau. Miezi miwili baadaye naitwa usiku: mtoto anaogopa maji, akiletewa kikombe koo linakakamaa. Wanasema karogwa. Mimi najua, na sina cha kufanya.

Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba kichaa kinaua karibu watu 1,500 kwa mwaka Tanzania, wakati taarifa rasmi zilikuwa zikitaja kumi na kidogo. Tofauti hiyo ndiyo watoto wa mama muuguzi: waliofia nyumbani, waliofia kwa mganga, walioandikwa malaria ya kichwani.

MZEE: Nimewasikia. Basi mbona hilo gari linakuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haliji? Jirani yangu alikuwa na watoto wa mbwa watano. Aliwaleta siku ile, akaambiwa hawajafika miezi mitatu, awarudishe. Sasa wameshakuwa wakubwa, wanabweka, hawana chanjo.

BWANA MIFUGO: Aliyemrudisha alifuata kanuni ya zamani. Chanjo hii ya kirusi kilichouawa inafaa hata kwa wachanga, na kwenye kampeni wanatakiwa wachanjwe. Na umegusa penyewe, Mzee. Lengo letu ni mbwa 70 katika kila 100. Siku ya kampeni tunaweza kufika. Lakini mbwa wa kijijini haishi sana: gari, chui, njaa. Wanakufa waliochanjwa, wanazaliwa wasiochanjwa, na kila mwezi ile 70 inaliwa. Kabla ya msafara unaofuata tumeshashuka, na kichaa kinapita kwenye pengo.

MWALIMU: Lakini pengo hilo linazibika. Kule Serengeti mbwa mmoja mgonjwa aliambukiza mwingine mmoja na kidogo tu kwa wastani. Ni ugonjwa dhaifu wa kuenea. Ukiubana kidogo, bila kuuachia, unakatika.

Sasa tumefika kwenye hoja yenyewe. Kirusi kina wiki tatu, mbwa wana uzazi wao, halmashauri ina mwaka wa bajeti. Kalenda hizi hazilingani, na ya halmashauri ndiyo inayoweza kubadilishwa. Kilichotufunga kwa miaka ni friji. Chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, kijijini hakuna friji ya mifugo, kwa hiyo lazima gari lije na sanduku la barafu, na gari linataka mafuta na posho.

Ndipo likaja jaribio ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa yenye heshima zaidi. Felix Lankester na wenzake walichukua mbwa wa vijijini Tanzania, wakawachanja wengine kwa chanjo iliyokaa kwenye baridi na wengine kwa chanjo iliyokaa nyuzi 25 kwa miezi 6, au nyuzi 30 kwa miezi 3. Baada ya wiki nne wakapima damu. Kingamwili za waliopata chanjo iliyokaa jotoni hazikuwa pungufu. Ilikuwa mwaka 2016. Hakuna mbwa aliyetobolewa fuvu wala aliyetiwa ugonjwa. Walichomwa chanjo, wakatolewa damu, wakarudi kulinda mashamba. Kutoka kwenye maabara ya Pasteur mpaka hapo ni safari ndefu, na imeishia mahali pema.

BWANA MIFUGO: Halafu Ahmed Lugelo na wenzake wakatengeneza chombo cha udongo kinachojipoza chenyewe. Maji yanavukiza, ndani kunabaki baridi kiasi, bila umeme. Mkoani Mara wakajaribu kuwapa watu wa vijijini wenyewe kazi ya kuhifadhi chanjo humo na kuchanja mwaka mzima.

MTENDAJI: Mtungi! Newala hapo juu wanawake wanafinyanga mitungi tangu enzi. Hilo nimelielewa.

BWANA MIFUGO: Usikimbie, Mtendaji. Mvuke unapoza vizuri hewa ikiwa kavu. Masika huku, ukungu umefunika mteremko, maji hayavukizi sawasawa. Kipimajoto lazima kiwemo ndani na mtu aandike kila siku. Pili, chupa ni ya dozi 10. Ukiifungua kwa ajili ya mbwa mmoja, itumike siku ile ile, zinazobaki unamwaga. Tatu, kazi ya kuchoma mnyama ina sheria yake, si kila mwenye mkono anaruhusiwa. Nikiondoka mimi, nani anachoma?

MAMA MUUGUZI: Na msinitazame mimi. Friji ya zahanati ni ya chanjo za watoto, ya mifugo haiingii humo.

Vikwazo hivi ni vya kweli, lakini hakuna hata kimoja kinachohitaji uvumbuzi mpya. Kipimajoto kinanunuliwa. Mtu wa kijiji anafundishwa, anaandikishwa na kusimamiwa na bwana mifugo, kama wahudumu wa afya wa jamii wanavyosimamiwa na zahanati. Halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho haishindwi kununua dozi za chanjo za mbwa wa kata zake, na naitaka iziweke kwenye bajeti kwa jina lake, zisifichwe chini ya "huduma nyingine za mifugo" ambako hukatwa kwanza. Nasema hivi kwa uzito wote nilio nao: mtoto wa miaka sita asife kwa kuogopa kikombe cha maji wakati dawa ya kumzuia mbwa inaweza kukaa ndani ya chombo cha udongo.

MZEE: Hiyo ya dozi 10 mnaisumbukia bure. Kila wiki tuna gulio. Watu wanashuka kutoka juu na mbuzi na kuku, mbwa wanawafuata nyuma. Mtangaze kwamba siku ya gulio mbwa wakifika kumi, chupa inafunguliwa. Wakiwa saba, tunamtuma kijana akawatafute watatu. Hawatakosekana.

BWANA MIFUGO: Na wale wako wawili?

MZEE: Wale jike alikuwa akilala nao. Hao si wa chanjo tu.

BWANA MIFUGO: Ndiyo, mzee wangu. Kanuni inasema mbwa aliyekaa na mgonjwa bila chanjo auawe, au afungwe peke yake miezi 6.

MZEE: Miezi sita, na mihogo inakaribia kuiva.

BWANA MIFUGO: Mama kasema wanaokufa ni akina nani.

MZEE: Umenisikia nikibisha? Nitawafunga, kila mmoja na kamba yake, wajukuu wasisogee. Shamba nitalinda mwenyewe. Lakini Mtendaji, huyo kijana wa kukaa na mtungi awe wa hapa, mbwa wanamjua. Mgeni akimshika mbwa wangu shingoni, mtamtibu yeye kwanza.